Maji ya Moto Yanasuasua? Tafuta Kizuizi Kabla Hujanunua Pampu

Ikifika Juni na Julai, Arusha, Njombe, Mbeya mpaka Nairobi na Limuru, simu za mafundi bomba huanza kuita asubuhi na mapema. Miezi mingine mtu anachanganya maji ya moto na ya baridi, anaoga, anakwenda zake. Baridi ikikaza, koki ya moto inafunguliwa mpaka mwisho na kinachotoka ni uzi. Fundi anaitwa, na mara nyingi jibu analo kabla hajavua viatu: "Hapa nunua pampu."

Mimi sianzi na pampu. Katika nyumba nyingi za kwetu maji ya moto na ya baridi yanashuka kutoka simtanki moja, kwa urefu uleule. Kama ya baridi yanatoka vizuri na ya moto yanasuasua, tenki halina kosa. Kuna kitu kimekaa njiani upande wa moto peke yake, na pampu haikiondoi, itakuwa inakisukumia maji tu huku luku ikikimbia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukitafuta, ukianza na sehemu zisizo na gharama.

Pima kwa ndoo

Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua koki ya baridi peke yake mpaka mwisho, hesabu sekunde mpaka ndoo ijae, andika. Fanya vivyo hivyo kwa koki ya moto. Rudia jikoni, bafu la chini, na bafu la juu kama ni ghorofa. Kwenye shawa pima mara mbili, kichwa chake kikiwepo na kikiwa kimefunguliwa, maana hapo tu watu wengi humaliza tatizo lao.

Ndoo ikijaa kwa dakika moja una lita 10 kwa dakika, hiyo ni shawa nzuri. Dakika mbili, unaoga bila kulalamika sana. Ikivuka dakika tatu ndipo familia inaanza kurudi kwenye kopo na beseni.

Sasa soma ulichoandika. Moto na baridi vyote dhaifu kila mahali: tatizo ni tenki, urefu wake, au koki kuu. Moto dhaifu mahali pamoja tu: tatizo liko palepale, kwenye miksa (koki inayochanganya moto na baridi) au mpira unaoiletea maji. Moto dhaifu nyumba nzima huku baridi ikiwa safi: nenda kwenye hita, njia ya kuingilia na ya kutokea. Yakitoka kwa nguvu kidogo kisha yakakohoa na kukata, fikiria hewa.

Jiulize pia tatizo lilianza vipi. Nguvu iliyopotea ghafla, baada ya mgao wa maji kurudi au baada ya fundi kutengeneza kitu kingine, ni mchanga au koki ambayo haikufunguliwa yote. Nguvu iliyopungua taratibu kwa miaka ni magamba au kutu.

Kabla hujagusa hita

Zima hita kwenye swichi yake kubwa, ile yenye taa nyekundu, na kama una breka yake kwenye boksi la umeme izime pia. Usitosheke na kuona taa imezimika. Taa nayo huungua. Acha maji yapoe, maana maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, mtoto kwa haraka zaidi. Usiwashe hita iliyokaushwa mpaka uone maji yanatoka mfululizo kwenye koki ya moto bila kutema hewa, la sivyo elementi, ile koili ya ndani inayopasha maji, itaungua. Na ile valvu ya usalama inayodondosha matone wakati maji yanachemka, usiizibe kamwe. Inafanya kazi yake: maji yakipata moto yanatanuka, na yanahitaji pa kutokea.

Mdomoni mwa koki na ndani ya miksa

Kwenye mdomo wa koki nyingi za sinki kuna kichujio kidogo cha wavu. Kifungue kwa mkono au kwa plaizi iliyozungushiwa kitambaa, kisuguliwe kwa mswaki wa zamani, kirudishwe. Kichwa cha shawa kilowekwe usiku kucha kwenye siki au maji yenye asidi ya sitriki, asubuhi yatoboe matundu kwa sindano. Dawa kali za kusafishia choo ziache. Zinakula rangi ya kromu na mpira wa ndani.

Chini ya sinki kuna mipira miwili ya kuunganishia, ile iliyofumwa kwa waya. Nje inaweza kung'aa kama jana, lakini ndani ni mpira mtupu, na upande wa moto mpira huo huvimba na kujikunja mpaka njia inabaki nyembamba kama mrija wa soda. Funga koki ndogo za pembeni, fungua mpira wa moto, uelekeze kwenye ndoo, kisha fungua koki hiyo taratibu. Koki ikimwaga vizuri bila mpira, na ukirudisha mpira yakafifia, badilisha mpira. Ni kazi ndogo isiyohitaji fundi.

Yakitoka vizuri mpaka mwisho wa mpira, basi kosa ni katriji ya miksa, kile kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji. Miksa ya mkono mmoja ina kijikofia chenye alama ya nyekundu na bluu. Kibandue kwa kisu, legeza skrubu iliyo chini yake kwa alenki, vua mkono, fungua nati, katriji itatoka. Igeuze uangalie matundu yake mawili. Utakachokuta humo ni historia ya bomba lako: punje za mchanga, nyuzi za thredi tepu, katani iliyokatika kwenye viungo vya chuma, na mara nyingine vumbi la PPR, yaani bomba za plastiki zinazounganishwa kwa moto, iliyokatwa kwa msumeno. Suuza, loweka kwenye siki kama ina chokaa, paka mipira yake grisi ya silikoni. Vaselini usiitumie, inavimbisha mpira. Kabla ya kurudisha katriji, fungua maji kidogo kidogo ukiwa umefunika tundu kwa kitambaa, ili uchafu uliobaki utoke.

Niseme na hili hapa. Miksa nyingi nzuri za madukani zimetengenezwa kwa nyumba zenye presha ya bar 1 na zaidi (bar ni kipimo cha presha). Simtanki hutoa bar 0.1 kwa kila mita moja ya urefu, kutoka usawa wa maji mpaka kwenye koki. Bafu la juu ambalo tenki liko mita moja na nusu juu ya shawa lina bar 0.15. Hapo miksa yenye matundu membamba itakuvunja moyo hata ikiwa mpya kabisa, na koki mbili za kawaida za kuzungusha zitakupa maji mengi zaidi kwa bei ndogo. Watu hawapendi kusikia hivyo baada ya kuchagua miksa kwa kulinganisha na rangi ya vigae.

Kwenye hita yenyewe

Hita ya pipa ina bomba mbili: ya kuingiza maji ya baridi na ya kutoa ya moto. Anza na koki iliyo kwenye njia ya kuingia. Kama ni getivalvu ya kuzungusha, izungushe polepole. Ikikubali kuzunguka tu bila kufika mwisho, ulimi wake umekatika ndani na umening'inia katikati ya njia. Nje inaonekana iko wazi. Badilisha weka bolvalvu ya mkono, ile ambayo ukiangalia tundu lake unaona upande wa pili bila kizuizi.

Inayofuata ni valvu ya usalama, ambayo mara nyingi ina nonritani ndani yake ili maji ya moto yasirudi kwenye tenki. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mlango wake mdogo unashikiliwa na springi, na springi hiyo inakula sehemu ya presha. Nyumba yenye bar 2 haioni tofauti. Nyumba yenye bar 0.2 inaiona sana, hasa magamba yakishajenga pembeni ya mlango. Funga maji, mwaga kiasi kwa kufungua koki ya moto, fungua valvu uitazame kwenye mwanga. Ikiwa imeziba nunua nyingine ya aina ileile, yenye presha inayolingana na iliyoandikwa kwenye lebo ya hita, na uifunge mshale ukielekea kwenye hita. Wapo wanaoitoa moja kwa moja na kuunga bomba tupu. Maji yataongezeka, ni kweli, lakini hita isiyo na valvu ya usalama wala bomba la kupumulia ni bomu ndani ya dari.

Kisha magamba. Maji yanayotoka kwenye miamba ya chokaa, kama visima vingi vya pwani, yana kalisiamu iliyoyeyuka. Yakipashwa moto kalisiamu hiyo inaganda, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoganda upesi. Ndiyo sababu bomba la moto huziba wakati la baridi bado safi. Mwaga hita yote kwa kufunga njia ya kuingia, kufungua koki ya moto ili hewa iingie, na kutolea maji kwenye valvu ya chini. Yakitoka na vipande vyeupe kama maganda ya yai, elementi itolewe na pipa lisuuzwe mpaka maji yatoke safi. Hapo ndipo pia unapoangalia ile fimbo ya magnesiamu inayolinda pipa lisile kutu. Ikibaki waya tu, weka nyingine. Sehemu yenye maji ya chokaa fanya hivi kila mwaka, na weka kidhibiti joto kwenye nyuzi 60 badala ya kukiacha mwisho kabisa.

Mwisho wa hita ni njia ya kutokea. Ifungue pale inapoanzia, fungua maji ya kuingia kidogo huku ndoo ikiwa chini. Yakimwagika kwa nguvu, hita haina kosa, ugonjwa uko ukutani.

Ukutani

Nyumba za zamani zina bomba za chuma, na chuma hula kutu kwa ndani, upande wa moto haraka zaidi. Dalili ni maji ya kwanza asubuhi kuwa na rangi ya chai. Hakuna dawa ya kusafisha hapo, ni kubadilisha.

Nyumba mpya zina PPR, na watu hudhani hazizibi. Hazishiki kutu, lakini zinaweza kuzibwa siku ileile zinapofungwa. PPR huunganishwa kwa pasi yenye joto la nyuzi 260. Bomba na elbo hupashwa kwa sekunde chache kisha husukumwa pamoja. Fundi akishikilia muda mrefu, au akisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani na kuunda mdomo unaofunga njia. Kwa nje kiungo kinaonekana kinene na kizuri. Njiro, Arusha, kuna mteja aliniambia, "Fundi, pampu ninayo, iko kwenye boksi, wewe funga tu." Nikamwomba, "Mama, niruhusu kwanza nikate elbo hii moja." Tulipoikata tundu lililobaki lilipitisha kalamu ya wino kwa shida. Pampu ilirudi dukani ikiwa kwenye boksi lake.

Jambo la pili kuhusu PPR ni kipimo. Bomba la milimita 20 hupimwa kwa nje. Lile la kuta nene linalofaa maji ya moto, PN20, lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo ndani imebaki 13.2. La milimita 25 lina ndani 16.6. Tofauti inaonekana ndogo, lakini njia ya maji ni pana zaidi kwa karibu asilimia 60. Kama unajenga au unapasua ukuta, weka 25 kutoka kwenye hita mpaka bafuni na ubaki na 20 kwa kipande cha mwisho tu. Na usikubali PVC ya kawaida kwenye maji ya moto. Ikipata joto inalegea na kupinda tumbo, na penye tumbo hewa na mchanga hukaa.

Hewa iliyokwama

Maji yakipashwa moto hutoa hewa. Kama bomba linatoka kwenye hita, linapanda darini, linavuka, kisha linashuka bafuni, hewa hukusanyika pale juu, na presha ndogo ya simtanki haina ubavu wa kuisukuma. Hutokea zaidi tenki likikauka kisha likajaa tena.

Anza kwa kufungua koki zote za moto, ya chini kabisa kwanza, uziache zimwage kwa muda. Ikishindikana na una bomba la uani lenye maji ya mamlaka yenye nguvu, hakikisha hita imezimwa na imepoa, unga mpira kutoka bomba hilo mpaka koki ya moto ya chini, fungua koki ya moto ya juu kabisa, halafu fungua maji ya uani taratibu. Utasikia koki ya juu inakohoa, inatema, kisha inatiririka. Funga, na uondoe mpira papo hapo; ukiuacha, siku maji ya mamlaka yakikatika ya kwako yatavutwa kurudi kwenye bomba la mtaa.

Ikirudi kila mgao, tibu umbo la bomba: weka bomba la kupumulia pale panapopanda zaidi, lipite juu ya usawa wa maji wa tenki na lipindwe kuelekea ndani ya tenki. Na tenki lenyewe liwe na tundu la hewa. Mfuniko uliofungwa kwa nailoni ili wadudu wasiingie unaweza kukubania maji, tumia wavu.

Shawa ya umeme ya papo kwa papo

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Shawa ya kilowati 5.5 ina uwezo wa kupasha maji kiasi fulani tu kwa dakika. Dar es Salaam maji ya tenki yana nyuzi kama 27, kuyafikisha 40 inatoa kama lita 6 kwa dakika. Limuru asubuhi ya Julai maji yana nyuzi 16 au pungufu. Shawa hiyohiyo itakupa lita 3 na kidogo. Ukifungua zaidi yanakuja baridi, ukifunga yanakuja moto lakini kidogo. Hiyo ni hesabu ya umeme, na pampu haitaibadilisha. Ukitaka maji mengi ya moto sehemu za baridi, nunua hita ya pipa au sola.

Lakini ikiwa shawa haiwaki kabisa, au inawaka na kuzima, maji yake ni dhaifu kuliko inavyohitaji ili kusukuma mpira wa ndani unaounganisha umeme. Zima breka, ifungue, safisha kichujio cha kuingilia, ambacho baada ya mgao hujaa mchanga. Ikiwa tenki liko chini sana, zipo shawa za aina hiyo zenye pampu ndogo ndani. Unapoifunga, waya wa ethi usikatwe wala kukunjwa pembeni.

Sola

Sola ya mirija ya vioo yenye tenki lisilo na presha hutoa maji ya moto kwa nguvu ya urefu wake tu, kutoka juu ya bati mpaka kwenye koki. Mwenye nyumba akichoka na maji madogo ya baridi anaweka pampu upande wa baridi, na tangu siku hiyo ya moto hayatoki: ya baridi yanayaelemea ndani ya miksa na kuyarudisha juu. Maji ya pande zote mbili yanatakiwa kuwa na presha inayokaribiana. Ama ondoa pampu, ama weka nyingine ndogo inayostahimili joto kwenye njia ya kutokea ya sola. Usisukume maji ya pampu kuingia kwenye tenki la aina hiyo, litapasuka.

Pampu, sasa

Umepita kote huko, njia ni safi, na ndoo bado inachukua dakika tatu kwa moto na baridi sawasawa. Kwanza uliza gharama ya kuinua tenki. Kuongeza mnara mita 3 ni bar 0.3 za bure kila siku, umeme uwepo usiwepo.

Ikiwa haiwezekani, pampu ikae kwenye bomba linalotoka tenki, kabla ya njia kugawanyika kwenda kwenye hita, ili moto na baridi vipate nguvu sawa. Isinyonye moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Bar 1 na nusu hadi 2 inatosha nyumba ya kawaida. Soma lebo ya hita uone presha ya juu inayoruhusiwa. Kama kuna bomba la kupumulia linaloishia kwenye tenki, lizibwe kitaalamu na hita iwe na valvu ya usalama nzima, la sivyo pampu itazungusha maji ya moto kuyarudisha simtanki usiku kucha. Pampu zinazowaka zenyewe maji yakianza kutembea zinahitaji mtiririko kidogo wa kuzianzisha, kwa hiyo bafu lililo karibu usawa wa tenki huenda lisiiamshe. Hapo chukua inayowaka kwa presha. Na mwambie fundi aweke njia ya pembeni yenye nonritani ya ulimi, isiyo na springi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe.